Wageni wa Ijumaa wa Zohara Vaknin

Mimi na Zohara Vaknin tumekuwa majirani hapa Safed tangu nilipoolewa. Mlango wake unatazamana na wangu, ua ni mmoja, kamba ya kuanikia nguo ni moja, na harufu ya chakula chake huingia kwangu bila kubisha hodi. Ninayoyasimulia sikuyaokota njiani. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe baadaye, wakati hakuwa tena na sababu ya kuyaficha.

Mumewe, Hanania, alikuwa fundi rangi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Hawakujaliwa mtoto. Walizunguka hospitali za Haifa, wakazunguka makaburi ya watakatifu wa Galilaya, wakafunga, wakaomba, mpaka siku moja Zohara akakitoa kitanda kidogo kilichokuwa chumba cha nyuma, akampa mwanamke mmoja mjamzito wa mtaa wa chini. Tangu hapo jambo hilo halikuzungumzwa. Kisha Hanania naye akafa, moyo ulimgomea ghafla akiwa kazini, na Zohara akabaki peke yake na sufuria kubwa kuliko mahitaji yake.

Tabu ni kwamba hakujua kupika kidogo. Kila Ijumaa alipika samaki wa pilipili nyekundu kama mama yake alivyojifunza Moroko, akapika kuskusi, biringani, karoti za bizari, halafu akasimama katikati ya jiko akishangaa nani atakula. Watoto wangu ndio walionenepa mwaka ule.

Ndipo akaja Yishai. Huyu ni kiongozi wa misafara. Huleta mabasi ya vijana wa Kiyahudi kutoka Marekani, waione nchi ya babu zao, waingie katika masinagogi yetu ya zamani, wasali kama kuna anayejua kusali. Wengi hawajui. Ijumaa moja bomba lilipasuka katika hoteli yao, jiko lote likajaa maji, na Yishai akaingia uani jasho likimtiririka.

"Da Zohara, nina basi zima la vijana, na Sabato inaingia. Hawana pa kula."

"Walete."

"Wote?"

"Kwani wewe ulitaka kumwacha nani na njaa? Walete, wasiniulizie tu mchuzi wa nyanya wa chupa."

Walikuja na kaptura zao na miwani ya jua vichwani, wakakaa sakafuni, kwenye ngazi, mpaka kwangu. Zohara alijua Kiingereza cha mezani tu: kula, ongeza, mbona umekonda. Alimshika shavu kijana mmoja mrefu akamuuliza, "Umeoa?" Kijana akasema hapana. "Unamngoja Masihi aje na mchumba wako mkononi?" Yishai akatafsiri, uani kukalipuka vicheko.

Kwetu, usiku wa Sabato, mzazi humwekea mtoto wake mkono kichwani na kumbariki. Zohara alipomaliza kuosha mikono alisimama kidogo, akawatazama, kisha akaanza kupita, mmoja baada ya mmoja, akiweka mkono kwenye nywele za kila mtu na kunong'ona baraka. Hakuwa ameomba ruhusa. Vicheko vilinyamaza. Wale vijana, waliokuwa wakitafuna ubani dakika chache kabla, waliinamisha vichwa kama watoto wa chekechea.

Baada ya hapo Yishai hakupeleka tena msafara wowote hotelini siku ya Ijumaa. Miaka ikapita hivyo. Zohara alinawiri. Alijifunza maneno mengine ya Kiingereza, mengi yakiwa ya kuwatania. Vijana walimwita Bibi, wakirudi kwao walimtumia picha za arusi na za watoto, naye alizibandika ukutani mpaka rangi ya Hanania haikuonekana.

Shelby Kantor alikuja na msafara wa majira ya kuchipua. Alitoka Cincinnati, msichana mwembamba mwenye madoadoa usoni, amemaliza chuo na hajui afanye nini na maisha yake.  Zohara alipomwekea mkono kichwani, msichana alianza kulia, si kilio cha machozi mawili, kilio cha kutikisa mabega. Zohara hakuondoa mkono. Wengine walikula, samaki wa Shelby wakapoa, na mkono bado upo pale.

Basi lilipoondoka kwenda uwanja wa ndege, Shelby hakuwamo. Alikuwa amebadili tiketi. Alijiandikisha katika shule ya wasichana wanaojifunza dini, hapa hapa mjini, na akalala chumba cha nyuma kwa Zohara. Kabla ya kiangazi kwisha alikuwa amevaa sketi ndefu, anasoma Kiebrania bila kukwama sana, na anataka kuitwa Shulamit. Zohara alimwita Shula. Naye alianza kumwita Mama Zohara, halafu siku moja nikiwa naanika mashuka nikasikia "Mama" peke yake. Zohara alikuwa akimenya vitunguu. Aliendelea kumenya, lakini alitabasamu mpaka mdomo ukakaribia masikio.

Jioni msichana alikaa kwenye ngazi akizungumza na nyumbani kwa simu. "Mama, sijatekwa," nilimsikia akisema kwa Kiingereza, ambacho nilikisoma shuleni. "Hakuna aliyeniteka. Nina furaha. Kwa nini hutaki niwe na furaha?"

Nilimwambia Zohara kwamba yule mama wa Marekani anaonekana kuumia.

"Atazoea," akasema. "Mama wote huzoea."

Nilitaka kumuuliza amejuaje. 

Paulette Kantor alifika mwenyewe kabla ya sikukuu za vuli. Alikuwa mfupi, na raba nyekundu miguuni, na nywele zilizokatwa karibu na ngozi. Tukadhani ndiyo mitindo ya kwao. Alibeba boksi la kadibodi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akalifungua mezani uani, binti yake amesimama mbele yake.

"Nimekuletea keki yako ya kuzaliwa. Ile ya tufaa. Nimeipakata njia nzima. Mhudumu wa ndege alitaka kuiweka juu kwenye mizigo, nikamwambia basi niweke na mimi huko."

Shulamit alicheka. Kisha kicheko kikakatika.

"Mama... siwezi kuila."

"Huwezi vipi? Unaumwa?"

"Ni jiko letu. Vyombo vyetu vimepikiwa kila kitu, nyama na maziwa pamoja. Siruhusiwi sasa."

"Ni tufaa, Shelby. Tufaa na unga na mayai. Na bakuli nilinunua jipya, nilisoma kwamba lazima liwe jipya."

"Tanuri, Mama. Tanuri ni lile lile."

Hakusema kwa ukali. Alisema huku akishika kona ya boksi, na macho yamemjaa. Lakini alisema. Hapo hapo Zohara akatoa kichwa mlangoni, hajui kinachoendelea au anajua, mimi sijui: "Shula mwanangu, njoo unisaidie hizi biringani."

"Nakuja, Mama."

Paulette aligeuka kumtazama binti yake, kisha akautazama ule mlango ambao binti yake alikuwa tayari ameingia. Baadaye nilimkuta ameketi kwenye ngazi, anakula keki kwa vidole. Akaninyooshea kipande. Ikabidi nami nimwambie siwezi.

"Haya," akasema, akajifuta makombo gotini. "Niimalize mwenyewe."

Alikaa siku chache. Alikwenda na Shulamit kuona shule yake, akamsikiliza akisoma, akapiga makofi mahali ambapo hakuna anayepiga makofi. Asubuhi ya kuondoka, msichana akiwa darasani, Paulette aliingia jikoni kwa Zohara na kufunga mlango. Niliona mlango ukifungwa. Yaliyosemwa ndani niliyajua baada ya muda mrefu, naye Zohara alinisimulia akiwa hawezi kuniangalia.

Paulette alisema, kwa Kiingereza cha pole pole ili Zohara aelewe, "Unajua nani alimleta kwako? Mimi. Yeye alitaka kwenda Meksiko na rafiki zake, kuota jua. Nikamwambia, nenda na ule msafara, ukaone tulikotoka, siku kumi tu, utanishukuru. Nilimbembeleza."

 Zohara akamwekea chai.

"Nina saratani," Paulette akaendelea. "Kwenye kongosho. Mume wangu tu ndiye anayejua."

"Mwambie mtoto! Mwambie leo!"

"Nikimwambia atarudi kwa kunihurumia. Atakaa kando ya kitanda akisoma kitabu chake cha sala na kuniogopa. Sitaki. Nataka arudi kwa sababu amenikumbuka." Akamshika Zohara mkono. "Wewe anakusikiliza. Mwambie tu aje nyumbani kidogo, kabla ya baridi. Usimwambie kwa nini. Unaweza kunifanyia hilo?"

"Naweza," Zohara akasema.

"Niahidi."

"Nimekuahidi, dada yangu."

Wakakumbatiana. Paulette akaenda zake uwanja wa ndege na boksi tupu, hakutaka kuliacha.

Nusu ya ahadi Zohara aliitimiza kikamilifu: siri aliifunga. Ile nusu nyingine aliiahirisha kila siku. Alijiambia atasema Jumapili. Jumapili ikaja na mchumba. Azriel alikuwa mwanafunzi wa dini, kijana mpole mwenye miwani minene, na shangazi yake aliwahi kula kwa Zohara. Mambo ya namna hiyo yakianza kwetu hayachelewi. Shulamit mwenyewe ndiye aliyeuliza, wakiwa wanakunja nguo.

"Mama, niende kwanza nyumbani kabla ya arusi? Nimewakumbuka."

Hilo ndilo neno Paulette alilokuwa akilingojea ng'ambo ya bahari. Msichana alikuwa amekumbuka, bila kuambiwa na mtu. Zohara angesema "nenda", neno moja tu.

"Utachoka bure," akasema. "Nenda baada ya arusi, na mumeo. Utamfurahisha zaidi mama yako akiwaona wote wawili."

Arusi ilifanyika wakati wa mvua. Paulette hakuja, alisema mgongo unamsumbua. Aliitazama kwa simu aliyoshika binamu ya Azriel, na picha ilikatikakatika. Chini ya kile kitambaa kinachotandazwa juu ya maarusi, mahali pa mama wa bibi arusi, alisimama Zohara na gauni la rangi ya zambarau. Sijawahi kumwona mtu amependeza vile. 

Baada ya arusi msichana alitaja tena safari. "Subiri Pasaka ipite," Zohara akamwambia. "Huko kwenu utakula nini wakati wa Pasaka, na vyombo vyao vyote vimegusa chachu?"

Haikufika Pasaka.

Kwa Sabato sisi huzima simu, kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi nyota zinapotoka. Wale maarusi walikuja kwa Zohara kama kawaida, kulikuwa na msafara mdogo kutoka Boston, waliimba, walikula. Mchana wa Sabato walilala, wakatembea mpaka bondeni, wakarudi. Jioni, Azriel alipomaliza kusoma sala ya kuaga Sabato na mshumaa ukazimwa katika divai, Shulamit akawasha simu yake. Ilianza kulia mkononi mwake na haikunyamaza. Baba yake alikuwa amepiga usiku kucha na mchana kutwa. Katika ujumbe wa sauti wa mwanzo alikuwa akisema, mama anakutaka, mama anataka kukusikia sauti, pokea tafadhali. Katika ule wa mwisho alikuwa akipumua tu.

Nilisikia ukelele kutoka kwangu. Nilikimbia na kitambaa cha vyombo mkononi. Msichana alikuwa chini sakafuni, na Azriel amepiga magoti kando yake, hajui amshike wapi. Zohara alisimama ukutani, mgongo wake kwenye zile picha. Hakuweza hata kumsogelea.

Sisi huzika haraka. Ndege ilimfikisha Cincinnati watu wakiwa wanatoka makaburini. Alikaa matanga siku saba katika sebule ya nyumba yao, na hapo ndipo baba yake, kwa kutaka kumfariji, alipomwambia: "Mama yako hakukuwekea kinyongo. Alijua yule mama wa Safed atakuambia uje. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa akisema, atakuja, Zohara ameniahidi."

Aliporudi alikuja uani moja kwa moja na sanduku lake. Kola ya blauzi yake bado imechanwa, kama inavyotakiwa kwa mfiwa. Zohara alikuwa akifagia.

"Ulijua?"

Zohara akasimamisha ufagio. "Nilijua."

"Na nilikuuliza. Nilikuuliza, niende?"

"Uliniuliza."

"Kwa nini?"

Zohara aliegemeza ufagio ukutani. Akasema, "Niliogopa hutarudi."

 Shulamit hakumtukana. Heri angemtukana. Aliingia chumba cha nyuma, akachukua nguo chache zilizokuwa zimebaki, akapita tena mbele yetu. "Kwaheri, Bi Vaknin," akasema. Mwezi uliofuata yeye na Azriel walihamia Beit Shemesh, mbali na sisi.

Yishai aliendelea kuuliza kuhusu Ijumaa. "Mgonjwa," nilimwambia. Alikuwa haumwi. Alikuwa amekaa kitini, hawashi jiko. Picha zote za ukutani alizibandua, si kwa hasira, taratibu, akaziweka kwenye mfuko. Ndipo aliponisimulia yale yote, siku moja tu, mfululizo, kisha hakuyarudia.

Alikwenda kwa rabi wake, mzee anayesikia kwa taabu, ikabidi ayaseme kwa sauti ya juu mpaka waliokuwa nje wakasikia. Rabi akamwambia aliyemkosea marehemu huenda kaburini kwake na watu kumi, akakiri mbele yao. Mbali au karibu.

"Ni Marekani," Zohara akasema.

"Basi ni mbali," rabi akajibu.

Zohara hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa amewapokea wasafiri wa watu miaka yote hiyo, yeye mwenyewe safari yake ndefu ilikuwa Haifa hospitalini. Yishai alimtafutia tiketi na kumpigia simu mume wa Paulette, Stuart Kantor, kumwomba kibali. Stuart akauliza tu ndege inafika saa ngapi.

Watu kumi aliwatafuta Stuart mwenyewe. Walikuja majirani wawili, daktari wa meno wa Paulette, wanawake waliokuwa wakicheza naye karata, mpwa wake na mkewe, mzee mmoja wa sinagogi lao. Nusu yao hawakujua wamekuja kufanya nini. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, na Zohara alikuwa na viatu vya kwetu, vya kiangazi. Alisimama mbele ya kaburi lisilokuwa bado na jiwe na kusema kwa Kiebrania, kisha kwa kile Kiingereza chake cha mezani, ili wasikie wote: "Paulette aliniamini. Nikamdanganya. Nikamzuia mtoto. Naomba msamaha kwa Mungu na kwa Paulette." Mzee wa sinagogi akaitikia. Wengine wakatazama chini. Mwanamke mmoja wa karata aligeuka akaondoka kabla ya wenzake.

Stuart alimrudisha kwa gari mpaka karibu na nyumbani kwake. Kisha akasema, "Alikupenda, unajua. Alisema una uso wa mtu asiyeweza kudanganya."  Hakusema amesamehe wala hajasamehe, na Zohara hakuuliza. Nyumbani Stuart alimwonyesha chumba cha Shelby, akamletea maji katika gilasi, akamwacha. Zohara aliketi ukingoni mwa kitanda mpaka ilipofika saa ya kwenda uwanja wa ndege. Aliniambia kulikuwa na kofia ya majani juu ya kabati, ya kuvaa ufukweni, bado ina karatasi ya dukani.

Sasa hapiki kwa ajili ya misafara. Yishai amepata nyumba nyingine, mtaa wa juu. Ijumaa mimi humpelekea sahani, naye hunirudishia sahani imeoshwa na chakula kimeliwa nusu. Shulamit alipiga simu mara moja, kabla ya Pasaka ya mwaka uliofuata. Nilikuwapo. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Zohara alisema "ndiyo" mara kadhaa, akasema "Mungu akulinde wewe na yeye," akakata.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Baba amemwambia nilikwenda."

"Na?"

"Amesema amesikia." Akaiweka simu mezani, akainyoosha iwe sawasawa na ukingo wa meza. "Amejifungua mtoto wa kike. Nimemsikia akilia huko nyuma. Ana sauti kubwa."

Nilitaka kujua jina, kama amepewa la Paulette. Akasema hakuambiwa, na hakuona kama ni haki yake kuuliza.